Mwendo wa Bwana Kificho

Mbeya,
14 Julai 1975

Dada yangu Mwantumu,

Salamu zikufikie wewe na shemeji Halfani, na binti yetu Bibie kama ameshawasili kwenu na mzigo wake tumboni. Mimi mzima. Huku baridi inauma mpaka wino unagoma. Nimeiweka kalamu kwapani dakika tano ndipo ikakubali kuandika.

Ile filamu niliyohangaika nayo tangu mwaka jana imekwisha. Najua huwaambia watu kwamba mdogo wako anakula mshahara kwa kuchora vikaragosi, na sikubishii. Lakini vikaragosi vyangu vinatembea, dada. Nakaa kwenye meza ya kioo yenye balbu chini yake, naweka karatasi juu ya karatasi, namchora mtu ameinua mguu, halafu mtu yuleyule ameusogeza kidogo, halafu kidogo tena. Michoro kumi na miwili ndiyo sekunde moja. Filamu nzima ni dakika tisa. Fikiria mwenyewe, kisha unionee huruma.

Inamhusu mlanguzi mmoja, Bwana Kificho, anayeficha sukari huku wananchi hawana hata ya kuonja. Nilimpa tumbo kubwa na mashavu ya kuvimba, na uso nikaubuni wote ili asifanane na binadamu yeyote. Mkuu wangu alizipitia picha mojamoja akicheka, akazikubali.

Jumamosi tuliijaribu Igawa. Jailos, opereta wetu wa gari la sinema, alitundika shuka ubavuni mwa gari na watu wakajaa mpaka barabarani. Bwana Kificho alipotokea walicheka. Alipoanza kutembea, akasimama Masunga, yule Msukuma wa Usangu anayeleta ng'ombe mnadani Iringa, akapiga kelele: "Jamani! Si Halfani huyu? Halfani wa Ipogolo, anayeniuzia chumvi!"

Nikatazama upya. Uso si wake, tumbo si lake. Lakini kisigino cha kulia kinachelewa kutua. Kila hatua ya tatu bega la kushoto linapanda. Na kabla ya kuingia mlangoni anasimama, anasugua ndara yake kwenye shavu la mguu. Dada, wallahi sikukusudia. Nilitaka mtu atembee kama mwenye duka, nikafumba macho, mkono ukachora wenyewe. Nimekaa nyuma ya kaunta yake tangu nina miaka saba, tangu mlipozika wazazi wetu mkanichukua. Ningeutoa wapi mwendo mwingine?

Ukitazama mchoro mmojammoja humwoni. Ikikimbia yote ndipo anatokea.

Sasa gari linakuja huko kwenu, kijiji kwa kijiji. Ratiba inasema litafika Ipogolo Jumamosi ya tarehe 23 Agosti. Naogopa. Usimwambie shemeji. Niambie tu: bado anatembea vilevile?

Mdogo wako,
Mrisho

*

Ipogolo, Iringa,
21 Julai 1975

Mdogo wangu Mrisho,

Barua yako niliisomea jikoni, nikaunguza maharage. Bibie amefika salama, miguu imevimba, anataka ndimu asubuhi, mchana na jioni. Mwezi wake ndio huu.

Unauliza kama shemeji yako bado anatembea vilevile. Atembeeje sasa? Anakwenda msikitini utadhani anakwenda kuoa. Mwaka hamsini na moja alipita mbele ya nyumba ya baba mara tatu kwa siku moja, akisingizia anatafuta mbuzi. Mlangoni kulikuwa na pazia fupi, kwa hiyo uso sikuuona, nilimwona kuanzia kiunoni kushuka chini. Nikamwambia mama, huyu. Mama akasema, mwanangu, hujamwona hata pua. Nikasema pua nitaiona baadaye. Kwa hiyo usinifundishe habari za mwendo wa Halfani. Ule mwendo ndio ulionioa.

Acha kutetemeka. Watu watacheka, yeye atanuna siku tatu, yatakwisha. Alishawahi kununa wiki nzima kwa sababu ya kofia.

Ila jambo moja uniambie, na uniambie sawasawa. Huyo Bwana Kificho wako anaificha wapi hiyo sukari? Dukani au nyumbani? Kama ni nyumbani, chumba gani? Nauliza tu.

Dada yako,
Mwantumu

*

Mbeya,
26 Julai 1975

Dada,

Umenitia wasiwasi. Wewe si mtu wa kuuliza tu.

Anaificha nyumbani, chumba cha uani. Kuna kitanda cha samadari, cha vyuma, chenye vifundo vya shaba. Chini yake kwanza kuna sanduku la bati, nyuma ya sanduku kuna busati lililokunjwa, na nyuma ya busati ndiyo magunia. Bwana Kificho anaingia, anasugua ndara, anapiga magoti, anavuta sanduku, anainua ncha ya busati na kuchungulia. Hapo watu wa Igawa walicheka sana. Nilijisifu kwamba nimebuni kitu, maana mkuu wangu alitaka nichore ghala tu.

Kwa nini unauliza?

Mrisho

*

Ipogolo,
31 Julai 1975

Mrisho,

Hukubuni kitu. Ni chumba chako ulicholala mpaka ukaondoka kwenda shule ya bweni. Ni kitanda chako.

Na sukari ipo. Sasa hivi ninapoandika ipo, magunia mawili, nyuma ya busati, nyuma ya sanduku. Umesahau? Kila mwaka tangu Rajabu, kila nyumba ya msikitini inapunguza kikombe katika sukari yake na kumletea Halfani, ili Ramadhani ikifika uji wa futari usikose utamu kwa yeyote, awe na chake au hana. Wewe mwenyewe ulikuwa unalalia juu yake na kudokoa kwa kidole, tukajifanya hatujui. Zamani zile haikuwa siri wala kosa. Mwaka huu sukari imeadimika, tumepunguza hata hicho kikombe, lakini watu wameleta. Nani ataamini kwamba magunia mawili uvunguni mwa kitanda cha mwenye duka ni ya msikiti? Hakuna karatasi. Haijawahi kuwapo karatasi. Kuna Halfani tu.

Mwezi uliopita walimchukua mwenye duka mmoja wa upande wa pili wa barabara kwa katoni za sabuni. Duka likapigwa kufuli. Amerudi juzi. Anakaa kibarazani, ukimwamkia anatazama mikono yake.

Naogopa, mdogo wangu. Nasema wazi, naogopa. Umemchora mume wangu, ukachora na njia ya kwenda chini ya kitanda chake, na sasa wanaileta kwa gari waioneshe.

Ichome barua hii.

Mwantumu

*

Mbeya,
5 Agosti 1975

Dada,

Barua hii nampa Danieli, dereva wa basi, akukabidhi mkononi. Posta siiamini tena, na hakuna aliyenikosea. Ndivyo nilivyokuwa siku hizi.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Kopi ya filamu ni moja na anayo Jailos barabarani. Kuchora mwendo mpya naweza, kwa siku nne naweza, lakini filamu mbichi ya kamera hakuna, na ikipatikana inaoshwa mbali, wiki sita. Kumwambia mkuu wangu? Nilifika hadi mlangoni kwake mara mbili. Nitasema nini? Kwamba nataka kuikata kwa sababu inafanana na shemeji yangu? Ataniuliza, inafanana kwa mwendo tu au na kwa sukari? Na mimi uso wangu haujui kuficha, unanijua. Nikifungua kinywa nimemshitaki.

Kwa hiyo picha siwezi kuibadili. Limebaki moja, usilicheke: tumbadili mtu.

Mwambie shemeji yote. Kisha afanye haya kila siku, uani, mlango ukiwa umefungwa.

Avae viatu vya kamba, aachane na ndara. Bila ndara hana cha kusugua. Ndani ya kiatu cha kulia atie kijiwe, kama punje ya hindi, chini ya kisigino. Kisigino kinachouma hakichelewi kwa madaha, kinakwepa, atatua kwa vidole. Mkono wa kushoto abebe kikapu kizito wakati wote ili bega lisahau kupanda. Mlangoni asisimame hata kidogo, apite. Na macho. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Shemeji hutazama mbali anapotembea, ndiyo maana kifua kinatangulia. Atazame hatua mbili mbele yake, chini. Macho yakishuka, mwili wote unafuata. Mwalimu wangu kule Chekoslovakia alinifundisha hivyo, nami nimewachora wengi wa namna hiyo.

Zimebaki siku kumi na nane. Na sukari itoeni, sijui vipi, lakini itoeni.

Mrisho

*

Ipogolo,
11 Agosti 1975

Kwako shemeji Mrisho,

Baada ya salamu, masomo yako nimeyapokea na nimeanza. Kijiwe nimekitia.

Dada yako alinificha jambo hili wiki mbili, halafu akanieleza lote kwa pumzi moja akiwa anachambua mchele. Sikukasirika. Nilikaa chini tu. Nina miaka hamsini na miwili na sikujua kwamba natembea. Nilidhani nakwenda.

Sukari ni amana ya watu na nilikataa isitoke kabla ya siku yake. Dada yako ameniangalia, nami nimekubali.

Nina swali moja na unijibu kwa wakati wako. Ulipotafuta mtu mbaya wa kumchora, mkono wako ulikuja kwangu. Je, ulipokuwa mtoto dukani kwangu, ulinichukia?

Ndimi shemeji yako,
Halfani

*

Ipogolo,
16 Agosti 1975

Mrisho,

Bibie amejifungua mtoto wa kiume tarehe tano, mzima, ana sauti ya mnadi wa ng'ombe. Amelazwa chumba cha uani, juu ya samadari, na jiko la mkaa pembeni kama ilivyo kwa mzazi. Na hapo Mungu alitufungulia. Wanawake wote wa msikitini wanakuja kumtazama mzazi, kila mmoja na chungu cha uji wa pilipili manga kilichofunikwa kwa kitambaa, na nani atamuuliza mwanamke anayetoka kwa mzazi amebeba nini? Wanaingia na uji, wanatoka na sukari. Kila mmoja anabeba ya nyumba yake na ya jirani yake. Bibie anakunywa uji mpaka ameomba nimhurumie. Gunia la kwanza limekwisha, la pili limefika nusu.

Ila kila mguu ukisikika uani nashtuka. Jana nilimwaga uji mzima kwa sababu paka aliruka.

Sasa mwanafunzi wako. Siku ya kwanza alitembea kama kuku aliyefungwa mguu, nikacheka mpaka nikaketi, naye akacheka, na ilikuwa mara ya mwisho. Anazunguka uani na kikapu cha mawe ya mizani, macho chini, midomo inachezacheza anahesabu. Ninamsimamia na kumwambia, bega, Halfani. Kisigino. Macho. Miaka ishirini na minne nimekaa na huyu bwana na sikuwahi kumwamrisha hata kuzima taa.

Juzi Kalinga, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja kununua kiberiti, akamtazama akitoka stoo. Akasema, "Mzee Halfani, mbona leo unatembea kama umevaa viatu vya mtu mwingine?" Halfani akajibu, "Nyonga, Mzee Kalinga. Uzee." Kalinga akasema pole, akasimama pale muda mrefu na kiberiti chake. Nimeshindwa kula tangu siku hiyo. Yule mzee hajaacha kupita mbele ya nyumba.

Mjibu shemeji yako lile swali lake. Hajalisema tena lakini analo.

Mwantumu

*

SIMU YA MAANDISHI
MBEYA 19 AGOSTI 1975

MWANTUMU HALFANI IPOGOLO IRINGA
MGENI ATAFIKA ALHAMISI SI JUMAMOSI STOP MWE TAYARI STOP MRISHO

*

Ipogolo,
24 Agosti 1975

Mdogo wangu,

Yamepita. Keti kwanza, nikueleze.

Simu yako ilifika Jumatano saa nne. Sukari ilikuwa imebaki kama debe moja na nusu, na wanawake walijipanga kuja Ijumaa. Nilisimama pale mlangoni na ile karatasi. Nani akaja? Mke wa Kalinga. Yeye si wa msikiti wetu, ni mtu wa kanisani, hajui habari zetu za futari. Amebeba vyungu viwili vya togwa kwa ajili ya Bibie. Akaketi, akamshika mtoto, akasema kama anayeongelea hali ya hewa: "Mume wangu anasema mzee akibadili mwendo ghafla, nyumba yake ina mzigo. Amenituma niubebe." Nilianza kulia na sijui nililia kwa furaha au kwa woga. Alirudi mara tatu siku hiyo. Vyungu vilikuwa vizito wakati wa kutoka kuliko wakati wa kuingia, naye alitembea wima.

Alhamisi baada ya Magharibi wakatundika shuka kwenye uwanja wa mpira. Kalinga alipita nyumba kwa nyumba kuita watu, na kutokwenda kungeonekana. Tukaenda. Mbele palikuwa na afisa mmoja mgeni amewekewa kiti. Sisi tulisimama nyuma kabisa.

Mrisho, mimi sikuwahi kuona kazi yako. Yule mtu alipotoka mlangoni na kuanza kutembea nilisahau hofu. Nilisema moyoni, huyo hapo. Niliona hata namna anavyokunja vidole vya mkono wa kulia, kitu ambacho nilidhani nakijua mimi peke yangu. Ulikuwa mwendo wake wa ujana, wa lile pazia.

Halafu mtu akacheka. Akafuata wa pili. Na sauti ikatoka katikati: "Halfani! Halfani huyo!" Uwanja mzima ukashika, Halfani, Halfani, wanapiga makofi. Walikuwa wanafurahi, hawakuwa na nia mbaya, wanampenda. Ndipo afisa akageuka kwenye kiti chake akauliza, "Halfani ni nani?"

Kicheko kilikatika chote kwa mara moja. Nadhani hapo ndipo kila mtu alielewa alichokuwa anakicheka. Pale kwenye shuka mtu wako bado alikuwa anatembea, anasugua ndara, anainua busati.

Halfani akasema, "Ni mimi, ndugu."

"Pita hapa mbele."

Kutoka tuliposimama hadi kile kiti ni hatua arobaini na moja. Nimezihesabu. Alipita katika mwanga wa projekta, kivuli chake kikaanguka juu ya shuka, kikawa kando ya Bwana Kificho, wawili wanatembea pamoja. Mmoja kifua mbele. Mwingine anatua kwa vidole, bega limelala, macho hatua mbili mbele yake. Hakusimama popote. Nilikuwa nimeuma upindo wa kanga mpaka nikausikia umechanika.

Afisa akamtazama, akatazama shuka, akamtazama tena. "Wanafanana wapi hawa?"

Kalinga akasema, "Hawafanani, ndugu afisa. Huyu ana nyonga mbovu, watu wamezoea kumtania. Watu wa hapa wanacheka hata msibani."

Asubuhi walikuja hata hivyo. Watu watatu wa yule afisa. Hawakugusa duka, walikwenda moja kwa moja chumba cha uani wakamwomba Bibie radhi, wakavuta sanduku, wakainua busati. Palikuwa na beseni la kuogeshea mtoto. Mmoja alipitisha kiganja sakafuni akakitazama. Nilikuwa nimepadeki kwa maji ya moto mara nne.

Wameondoka. Hawajachukua kitu wala mtu. Mshukuru Mungu kwa niaba yetu.

Dada yako,
Mwantumu

*

Mbeya,
30 Agosti 1975

Dada yangu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, ingawa uliniambia niketi. Kisha nikaketi sakafuni. Ofisi nzima ikaniuliza nimefiwa na nani.

Mwambie shemeji atoe kijiwe. Atupe viatu. Avae ndara zake atembee atakavyo, imekwisha, gari limeshapita Iringa linakwenda Dodoma, na huko hakuna anayemjua.

Swali lake nitalijibu. Nimejaribu mara tano kwa kalamu na kila mara naona aibu.

Mrisho

*

Ipogolo,
15 Septemba 1975

Mrisho,

Ramadhani njema. Uji wa futari una sukari kwa kila nyumba, hata kwa Kalinga nimepeleka.

Kijiwe alikitoa siku ileile. Viatu hakuvitupa, anavivaa. Kikapu kimerudi jikoni. Na bado anatembea vile.

Mwanzo nilidhani ni tahadhari. Wiki ya tatu sasa. Ananiambia, "Miguu imekataa, mama Bibie. Nikiiambia iende, inaniuliza iende vipi." Akitoka kwenda tarawehe namwona anapita chini kwa chini karibu na ukuta. Akirudi nasikia mtu mlangoni nasema hodi nani, kumbe ni mume wangu. Zamani ile ndara ilikuwa inapiga hodi kwa ajili yake. Gari lolote likisimama barabarani anasimama nalo.

Nilimwomba ajaribu, nikafunga mlango wa uani kama siku zile, nikamwambia, kifua, Halfani. Tazama mbali. Alitazama mbali hatua mbili tu, akashusha macho. Akasema, "Huko mbali kuna nini?"

Wewe ulimchora, kisha ukanifundisha kumfuta, nami nikamfuta vizuri. Sikulaumu, ningefanya tena. Lakini naogopa woga mwingine sasa, ambao hauna tarehe ya kufika.

Mwantumu

*

Mbeya,
22 Septemba 1975

Dada,

Danieli amebeba kifurushi. Kifungue ukiwa peke yako kwanza.

Ni michoro ya ule mwendo. Nimeitoa kwenye kabati la ofisi, nikainakili upya kwenye karatasi ngumu, nikaondoa tumbo, nikaondoa ule uso wa kijinga. Uso nimeuacha mtupu, maana sijawahi kuweza kuuchora wake. Nimemvisha kikoi na kofia. Nimeishona upande mmoja kama daftari. Shika upande wa uzi kwa mkono wa kushoto, kunja kurasa kidogo, ziachie polepole kwa kidole gumba cha kulia. Atatembea. Akifika mwisho rudi mwanzo, atatembea tena. Hahitaji gari wala umeme.

Na lile swali. Mwambie sikumchukia hata siku moja. Nilikuwa mtoto aliyefiwa, kila aliyeingia dukani alinionea huruma, naye ndiye pekee aliyenipa kazi. Nilikaa nyuma ya kaunta, macho yangu yakiwa usawa wa magoti yake, nikawa nasikiliza kile kisigino kinachochelewa. Kikitua nilijua hajaondoka. Mkono hauwezi kuukumbuka hivyo mwendo wa mtu usiyempenda. Kosa langu ni kwamba nilikuwa na mwendo mmoja tu moyoni, nikampa asiyestahili.

Mdogo wako,
Mrisho

*

Ipogolo,
6 Oktoba 1975, Idi

Mdogo wangu Mrisho,

Idi njema.

Kifurushi nimekaa nacho siku tano. Mara ya kwanza nilikifungulia stoo, nikaachia kurasa, akapita. Nikarudisha, akapita. Nilimpitisha mara nyingi, mwanamke mzima wa miaka yangu, nimejifungia na magunia ya chumvi namwangalia kijana anayejifanya anatafuta mbuzi.

Leo baada ya sala nikampa Halfani. Kwanza nikamsomea jibu lako. Alisikiliza akiwa amemshika mjukuu wake, akatikisa kichwa. Kisha akanipa mtoto, akakichukua kile kitabu. Alikuwa anakishika vibaya, nikamwonesha kidole gumba. Akaachia kurasa. Akarudia. Akakisogeza kwenye mwanga wa mlango akarudia tena.

Akaniuliza, "Nani huyu?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hatanii.

Nikasema, "Humjui?"

"Simjui. Lakini huyu mtu haogopi kitu." Akamwachia tena mpaka mwisho. "Tazama anavyokwenda, mama Bibie. Anakwenda wapi?"

Nikamwambia anapita mbele ya nyumba ya baba yangu, mara ya tatu leo, na hakuna mbuzi.

Kisha akavua viatu vya kamba pale pale kizingitini, akaomba ndara zake, akatoka nacho uani na kurudisha mlango. Pilau imepoa. Nimekaa huku jikoni nakuandikia, mtoto amelala mapajani. Namsikia anaachia kurasa, ananyamaza, anaachia tena. Hatua bado sijasikia.

Dada yako,
Mwantumu